Mdomo wa Shangazi Ukutani

Ukitaka kuchora mdomo, usianze na mdomo. Nawaambia hivyo vijana wanaokuja kwangu na penseli zao, na wote hushangaa. Anza na ule mstari ambapo mdomo wa juu unalalia wa chini. Mstari huo peke yake. Haujanyooka, una kibonde katikati, unapanda kidogo, halafu unashuka hadi pembeni, na huko pembeni ndiko umri wa mtu unakokaa. Ukishaupata, weka kivuli chini ya mdomo wa chini, kidogo tu, kisizidi ukucha. Acha hapo. Usiuzungushe mdomo kwa mstari mzito kama mtu anayejenga ua wa mbuzi. Mdomo hauna ua. Unatoka kwenye shavu polepole na kurudi kwenye kidevu polepole, na jicho la mtazamaji litamalizia lenyewe. Ukikosea, futa na uanze tena. Hakuna aibu. Mimi nimefuta midomo mingi kuliko niliyoiacha.

Nafundisha kwa upole, na nadhani wanafunzi wangu watakubali hivyo. Lakini mara mojamoja kijana huniletea mtu mweusi aliyechorwa na midomo kama ndizi mbili zilizolaliana, nyeupe pande zote, mdomo wenyewe ukiwa wazi kama wa mtu aliyeshikwa na butwaa. Amechora bila chuki. Ameona hivyo kwenye vitabu, akafikiri ndivyo inavyotakiwa. Hapo sauti yangu hubadilika, na kijana hudhani namkasirikia yeye. Simkasirikii yeye. Wacha nieleze chanzo cha hasira hii, kwa sababu mimi nimezeeka lakini yenyewe haijazeeka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Goma ingali mji mdogo. Wazungu walikaa chini, kando ya ziwa, kwenye bustani. Sisi tulikaa juu kwenye mawe meusi ya volkano, ambako ukitaka kuchimba choo unavunja majembe kwanza. Nilifanya kazi katika imprimeri ndogo iliyochapa karatasi za maduka, kalenda, na zaidi ya yote afishi: yale matangazo makubwa ya picha yaliyobandikwa sokoni na kwenye zahanati ili kuwafundisha watu. Chemsha maziwa. Panda pareto kwa mstari. Mpeleke mtoto akachanjwe. Watu wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo picha ndiyo iliyosema, na picha ilikuwa kazi yangu.

Tulichonga kwenye linoleo, yale mazulia magumu ya kutandikwa sakafuni. Unachora, unachimba kwa patasi ndogo sehemu inayotakiwa kubaki nyeupe, unagandisha kipande juu ya ubao, unapaka wino, unachapa. Linoleo ilitoka mbali na patron wetu, mzungu mwenye imprimeri, hakupenda ipotee bure. Basi alibuni njia yake ya kubana. Nilichonga kichwa, na mahali pa mdomo nikaacha tundu la mraba. Kando nilichonga midomo peke yake, kila mmoja kwenye kibao chake: uliofungwa, unaosema, unaotabasamu, unaolia. Kichwa kimoja, midomo mingi. Unachomeka unaoutaka, unachapa, unauchomoa. Mwili nao ulikuwa kipande kingine, wa kubadilishwa vilevile.

Sitasema njia hiyo ilikuwa mbaya. Ilinifundisha sana. Ukichonga midomo ishirini isiyo na nyuso, ndipo unapogundua kwamba macho hudanganya zaidi ya mdomo.

Kwa afishi ya maziwa nilihitaji uso wa mama. Nilikwenda Keshero kwa shangazi yangu, dada ya baba, nikamwomba akae nimchore. Alicheka, akaziba mdomo kwa mkono kama walivyofanya wanawake wote wa kwetu wenye adabu, akaniuliza kama wazungu wamemaliza kuchora wanyama wote wa mbuga hata wanamhitaji yeye. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa urugori, lile taji la ubua wa mtama ambalo mwanamke wa kwetu huvaa kwa sababu amezaa. Akakaa. Nilimchora shingo yake ndefu, kovu lake juu ya nyusi, urugori wake, na mdomo wake uliofungwa. Ulikuwa mdomo mpana, mnene, mzuri, wenye pembe zilizotulia. Nasema mnene kwa kusudi. Watu hufikiri hasira yangu inahusu unene. Mdomo mnene si matusi. Nimeupenda maisha yangu yote kuuchora.

Afishi ya maziwa ilibandikwa, na shangazi akawa mtu anayejulikana. Wanawake walimsalimia zahanati: "Mama ya maziwa, unashindaje?" Alijifanya kuchoka na mambo hayo. Hakuchoka hata kidogo.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze kwa msomaji asiyetoka kwetu. Kwetu, katika familia zetu za Rutshuru na Masisi na Goma, mtu mzima hakula mbele ya watu. Pombe ya ndizi, ndiyo, mlikaa wote na mirija mkanywa toka mchana hadi jioni. Lakini chakula kililiwa ndani, nyuma ya ua, na mlango ukiegeshwa. Mtu mzima kufungua kinywa hadharani na kutia chakula ilikuwa kama kuvua nguo. Na mama aliyevaa urugori, tena mama mwenye binti wa kuozwa, wakwe hawakupaswa kumwona hata akitafuna. Hilo lilikuwa jambo ambalo mtoto mdogo alilijua kabla ya kujua kuhesabu.

Na shangazi alikuwa na binti wa kuozwa. Wakwe walitoka Rutshuru, watu wa ng'ombe, wenye kujipima sana. Maneno ya kwanza yalikuwa yamekwisha, yalibaki ya mwisho, ya kukubaliana ng'ombe na kutaja siku. Shangazi hakuwa na mtoto mwingine wa kike. Hilo ndilo lililokuwa mezani, na lilimhusu yeye kuliko sisi sote.

Katika majuma hayo patron alinituma Rumangabo kupaka rangi vibao vya njiani. Nilipokuwa huko, sanduku liliwasili imprimeri kutoka Ulaya. Patron aliagiza midomo. Alikuwa ametuma vipimo vya yale matundu yangu, na huko walimtengenezea midomo ya madini ya risasi, imara, isiyochakaa kama linoleo. Midomo ya kuchorea watu weusi. Yote ilikuwa aina moja: ndizi mbili, weupe kuzunguka, na katikati shimo.

Nilirudi kwa kamio, lori la mizigo, nikashukia sokoni. Pale nikamkuta mpanga herufi wetu, Mwislamu ambaye wazee wake walikuja na biashara kutoka Maniema, mtu wa mizaha asiyekaa kimya hata akiwa na homa. Aliponiona alinyoosha kidole ukutani.

"Fundi, karibu! Shangazi yako anakula mbele ya soko muzima, na hajakaribisha mutu hata moja!"

Watu waliokuwa karibu walicheka. Nikatazama. Afishi mpya: *Nawa mikono mbele ya kula.* Mwanamke ameketi chini, mkono mchafu umebeba tonge kubwa la bugali, na kinywa wazi kulipokea. Shingo ilikuwa ya shangazi, na kovu, na urugori. Chini ya pua nzuri niliyoichonga kwa siku nyingi lilikuwa lile shimo lenye ndizi mbili.

Mpanga herufi alinitazama usoni, mzaha ukamwishia. Akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilimuambia patron tungoje urudi. Alisema eti mudomo ni mudomo."

Nilikwenda Keshero kwa miguu. Shangazi alikuwa amekaa ndani, mlango umefungwa mchana kweupe. Alikuwa hajaenda sokoni tangu picha ibandikwe. Hakunipigia kelele; ningependa angepiga.

"Kaa," akasema. "Nani alinifungua mudomo?"

Nilimweleza: kichwa, tundu, vibao, sanduku la Ulaya. Mimi ni mtu wa kueleza, nilieleza vizuri, kwa utaratibu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo kule kwenu kazini kichwa yangu iko na tundu."

"Ndiyo, shangazi."

"Na kila mutu anatia mule anachotaka."

Nikaanza kueleza tena, akanikata kwa mkono.

"Mushenga alipita jana," akasema. Mshenga ni yule aliyetumwa kati yetu na wakwe. "Anasema kule Rutshuru wanauliza kama kwetu mama anakulaka njiani. Watakuja siku ile ile, lakini wanakuja kuangalia, hawakuji kumaliza. Wakirudi hivi hivi, mutoto yangu ataitwa mutoto ya mama wa sokoni mpaka azeeke. Nenda kwa muzungu yako. Umuambie anirudishie mudomo yangu."

Nilikwenda asubuhi. Nitasema kweli juu ya patron: hakuwa mtu mkali. Angekuwa mkali ningepumzika, ningemchukia nikamaliza. Alinikaribisha kiti, akanipa sigara. Nikamweleza tangu mwanzo, kama ninavyokueleza wewe. Nilimwambia juu ya kula, juu ya urugori, juu ya wakwe. Nikaweka afishi mbili mezani, ile ya maziwa na hii mpya, nikaonyesha kwa kidole. Hapa mdomo una pembe, hapa hauna. Hapa kuna mstari. Hapa kuna shimo. Huyu anafikiri. Huyu hafikiri kitu.

Patron aliinama, akatazama moja, akatazama nyingine. Alitazama kwa bidii, na hilo ndilo linaloniumiza hadi leo. Kisha akainua uso.

"Mimi naona sawasawa," akasema kwa Kiswahili chake cha kazini. "Huyu mama, huyu mama. Huyu iko na njaa, basi."

"Bwana, mutu wa kwetu hana mudomo namna hii."

"Batu wanacheka. Wakicheka, wanakumbuka. Wakikumbuka, wananawa mikono. Wewe hautaki wanawe mikono?"

"Nataka, bwana. Nilimuchongea mama mudomo. Turudishe ule. Au unipe kichwa, kwa sababu ni ya shangazi yangu."

Akacheka, si kwa ubaya. "Kichwa ni ya imprimeri."

Nikamwuliza kama katika lile sanduku kulikuwa na midomo ya wazungu pia. Akasema hapana, ya nini? Wazungu walichorwa mmoja mmoja.

Akanipigapiga begani, akaniambia nirudi kwenye meza yangu, afishi za Rutshuru zilikuwa hazijamalizika. Ndiyo. Nyingine zilikuwa zinapanda Rutshuru kwa wale wale wakwe, na mimi ndiye niliyetakiwa kukata kingo zake. Nilikaa mezani. Nilishika kisu. Nikakiweka chini. Mpanga herufi akaja bila kusema neno, akachukua furushi lote, akaenda kulikata kwenye meza yake ili patron asinione nimekaa bure. Zilikwenda. Sikuzizuia, nisingeweza kuzizuia, na hilo nimelimeza kama watu wengine walivyomeza mengine makubwa zaidi miaka ile. Lakini sijalisaga.

Nataka uelewe jambo hili, wewe unayejifunza kuchora, kwa sababu litakukuta na wewe. Yule mtu alikuwa na macho. Aliona kama kalenda imepinda unene wa unywele. Lakini alikuwa ameshaamua, kabla ya kutazama, jinsi mdomo wa mtu mweusi unavyokaa, na aliyekwisha kuamua hatazami tena, anahakikisha tu.

Siku ya wakwe ilifika. Wazee waliketi uani kwa shangazi, wetu upande huu, wa Rutshuru upande ule, mitungi ya pombe ya ndizi katikati. Mume wa shangazi na baba yangu walisema kwa niaba yetu. Mimi nilikaa nyuma na vijana. Shangazi alikuwa ndani, mahali pa mama wa bibi harusi. Anasikia yote, haonekani.

Msemaji wao alikuwa mjomba wa kijana, mzee mrefu mwenye fimbo na ulimi wa wembe. Katika mazungumzo kama hayo kejeli ni sehemu ya desturi: wao wanadharau, sisi tunajibu, watu wanacheka, ng'ombe wanaongezeka au wanapungua. Alianza na njia mbaya. Akapita kwenye mawe yetu, akauliza kama ng'ombe wao watakuja kulamba volkano. Tukacheka, tukajibu. Kisha akanywa kidogo, akafuta mrija.

"Lakini Goma ni inchi ya baraka," akasema. "Tumeona kwa macho yetu. Kwetu chakula kinaliwa nyumbani. Hapa ni kingi mpaka mama wa nyumba anakulia kwa ukuta."

Hakuna aliyecheka upande wetu. Upande wao walicheka, halafu wakakoma, wakangoja. Mume wa shangazi alitazama chini. Ilikuwa zamu yetu, na desturi yetu yote haikuwa na jibu la jambo lile, kwa sababu hakuna babu aliyewahi kukuta mke wake amebandikwa sokoni na kinywa cha mtu mwingine.

Nilisimama. Sijui ningesema nini. Nadhani ningeanza kueleza linoleo. Kabla sijaanza, mlango ulifunguka.

Shangazi alitoka. Amevaa urugori, na ameshika upande wa kitambaa chake mbele ya mdomo. Wanawake waliokuwa nyuma yake walimvuta, akawaponyoka. Alisimama katikati ya wanaume mahali ambapo mama hasimami.

"Wazee, munisamehe miguu yangu, imekosa adabu," akasema. "Muzee wa Rutshuru, uliona mudomo kwa ukuta?"

Mzee hakujua atazame wapi. "Niliona, mama."

Shangazi akashusha kitambaa.

"Yangu ni huu. Angalia. Angalieni nyote, mara moja, mumalize. Ule wa kwa ukuta ulitoka Ulaya ndani ya sanduku, na mimi Ulaya sijafika. Huu haujakula mbele ya mutu tangu nilipopata akili. Umebembeleza mutoto munayemutaka, umemufundisha kunyamaza na umemufundisha kujibu. Kama mulikuja kuposa kwa ule wa Ulaya, njia iko pale, ulizeni bazungu inaendaka wapi. Kama mulikuja kuposa hapa, kunyweni pombe, museme ng'ombe."

Nilimtazama usoni, sikuweza kujizuia. Pembe za mdomo wake zilikuwa zinatetemeka, lakini mstari wa katikati ulikuwa umekaza.

Mzee wa Rutshuru aliweka fimbo chini. "Mama," akasema, "rudi ndani. Sisi tumekosa." Kisha akawageukia watu wake. "Na mimi nilikuwa nafikiri mutoto wetu anaoa mutu mupole!"

Hapo uani palilipuka kicheko cha pande zote mbili, mrija ukazunguka, na kabla jua halijashuka siku ilikuwa imetajwa. Baba yangu alisema hajawahi kusikia shauri kama lile. Watu walilisimulia Keshero hadi Mugunga, na wanaposimulia huwa ni hadithi ya kuchekesha, ya mama aliyewashinda wakwe. Sibishani nao.

Lakini mimi niliingia ndani kumpongeza. Wanawake walikuwa wametoka kuandaa chakula cha wageni, chakula cha kuliwa nyuma ya ua. Shangazi alikuwa peke yake kwenye kona, ameegemea ukuta, kitambaa amekibana mdomoni kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia damu. Nikakaa chini karibu yake.

"Shangazi, umeshinda," nikasema.

Alijibu bila kuondoa kitambaa.

"Ng'ombe akipelekwa sokoni wanamufunguaka mudomo, wanaangalia meno, ndiyo wananunua," akasema. "Leo wameniangalia mimi. Nimejifungua mwenyewe, kwa mikono yangu."

Nje msemaji wao alikuwa anasifu pombe yetu kwa sauti kubwa, na mume wa shangazi akimjibu. Mimi, mtu wa kueleza kila kitu, nilikaa pale karibu yake mpaka walipoanza kuita watu waje kupokea sahani.